Mikono Miwili ya Kezia

Kezia Amolo alitambulika kwa kofia yake kabla mtu hajamwona uso. Ilikuwa kofia ya ukindu, pana kama ungo, na alipokata kona akitoka sokoni watoto wa mtaa wa Umoja, wanaomwita kila bibi shosho, waliambiana, "Shosho wa kofia huyo!" Hakuinunua kwa urembo. Miaka mingi alikuwa mtunza bustani wa baraza la jiji. Maua ya katikati ya raundabauti, yale ambayo wenye magari huyatazama wakiwa wamekwama kwenye foleni, ni yeye na wenzake waliokuwa wakiyapanda na kuyapalilia, jua likiwapiga utosini kuanzia asubuhi. Mtu wa kazi hiyo asipovaa kofia jioni kichwa humuuma kama kimegongwa. Basi akaizoea, na hata alipostaafu aliona ni utovu wa adabu kuiacha ikining'inia msumarini wakati yeye anakwenda dukani.

Alikuwa na miaka sitini na kitu, na uso wake haukuficha umri. Mikunjo ilikuwepo pembeni mwa macho, mingine kuzunguka mdomo, na ngozi ya shingo ilikuwa imelegea kama ya mtu yeyote wa rika lake. Lakini ilikuwa ngozi laini, yenye afya, iking'aa kama maharagwe yaliyotoka kuoshwa. Wanawake wa chama chake cha akiba walimwuliza siri yake, na jibu lake liliwaudhi kila mara.

"Maji, sabuni ya kipande na mafuta ya kukamulia."

"Yale ya ng'ombe?"

"Yale yale. Ng'ombe anapakwa kwenye kiwele na hajawahi kulalamika. Ila upake mwili ukiwa bado una unyevu, usingoje ukauke. Na ulale."

Walidhani anawaficha kitu. Mumewe Owiti, mzee wa reli aliyestaafu na mtu wa maneno machache, alikuwa akisikiliza akiwa nyuma ya gazeti lake, na gazeti likitikisika kidogo ungejua anacheka.

Basi Jumamosi moja, mvua za masika zikiwa zimeanza, mkaza mwana wao Winny aliingia na mfuko wa zambarau wenye maandishi ya dhahabu. Winny alikuwa mke wa Caleb, kifungua mimba wao. Alikuwa mpokezi wa wageni katika ofisi fulani mjini hadi ofisi ikafungwa, na tangu hapo alikuwa amejaribu hiki na kile. Sasa alikuwa amejiunga na kampuni iliyoitwa Ujana Tena, ambayo watu wake huuza krimu kwa jamaa na marafiki, kisha nao huwashawishi jamaa na marafiki wawe wauzaji.

"Mathe, hii si mafuta ya kawaida," akasema, akikiweka kichupa mezani taratibu kama yai. "Ina chembe za dhahabu. Ina maji ya ua fulani la huko mlimani, hata jina silijui. Inakurudisha nyuma miaka kumi."

"Miaka kumi iliyopita nilikuwa na goti bovu na mkubwa wa kazi mwenye makelele," Kezia akamjibu. "Sitaki kurudishwa huko."

Gazeti likatikisika. Winny naye alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni tu. Kezia akamtazama vizuri. Aliona nywele zilizosukwa kwa uangalifu, blauzi iliyopigwa pasi, na macho ya mtu aliyekuja kuomba huku akijifanya anatoa. Alimpenda msichana huyo. Winny ndiye aliyemwogesha hospitalini alipofanyiwa upasuaji wa goti, bila kuombwa na bila kununa. Kumwambia hapana ya mkato hakuweza. Kumwambia ndiyo ya uongo ndiko hakuweza zaidi.

"Kaa chini, nyathina," akamwambia. Ndivyo alivyomwita alipotaka kumsemesha kama mwanawe. "Pale kwenye kitalu cha baraza, kila mwaka alikuja kijana mwenye tai na gunia la mbolea mpya. Msimamizi wetu alikuwa mzee mmoja, Luseno. Luseno hakumfukuza yule kijana, wala hakumwamini. Alikuwa anatuambia tutie mbolea mpya mstari mmoja, na wa pili tuuache na samadi yetu ya siku zote. Huo wa pili aliuita shahidi. Kuna mwaka mbolea ilishinda, tukaichukua. Miaka mingine shahidi hakuona chochote, na yule kijana akaenda zake na gunia lake."

"Sasa mathe, mimi na mbolea wapi na wapi?"

Kezia akanyoosha mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja chini. "Huu wa kulia nitaupaka hii yako. Wa kushoto utabaki na mafuta ya ng'ombe. Asubuhi na jioni, mpaka baridi ya Julai, maana ngozi mbovu hujulikana wakati wa baridi. Nikiona tofauti, nitasimama popote unapotaka niiseme. Nisipoiona, nitasema hivyo hivyo. Umekubali?"

Winny alikubali haraka. Aliamini ameshashinda.

Kezia alilishika neno lake. Kila asubuhi baada ya kunawa alikaa kitandani akapaka kulia krimu ya dhahabu, yenye harufu nzuri kupita kiasi, na kushoto mafuta ya mkebe, yasiyonukia kitu. Siku alizochoka alitamani kuruka, lakini aliona huko ni kumwibia Winny, akapaka. Khadro, jirani wa ukuta kwa ukuta aliyeuza nguo za kike kwenye kibanda cha mbele ya nyumba yake, alipata habari na ikawa ndio burudani yake. Alikuja kunywa chai, akaishika mikono ya Kezia, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Wa krimu ni huu," akasema siku moja, akigusa wa kulia.

Wiki iliyofuata akagusa wa kushoto kwa uhakika ule ule. Kezia akamwongezea chai.

Winny peke yake ndiye hakuwa na shaka. "Si unaona mathe? Kulia umekuwa kama wa msichana! Angalia hizi knuko zilivyolainika!" Knuko ndivyo alivyoviita vifundo vya vidole. Kezia akaviangalia, akavaa miwani, akaviangalia tena. Hakuona kitu. Hata hivyo alitambua kwamba Winny hadanganyi. Kweli alikuwa anaona.

Baridi ikafika. Mawingu yalilalia mapaa ya Eastlands, upande wao wa jiji, siku nzima na midomo ya watu ikaanza kupasuka. Kampuni ilikodi ukumbi kwa ajili ya mkutano mkubwa wa wauzaji, na Winny akaomba mama mkwe wake awe mmoja wa watakaotoa ushuhuda.

"Winny, unakumbuka nilichosema," Kezia akamwambia kwenye simu.

"Nakumbuka, mathe. Utasema ulichokiona. Na kimeonekana!"

"Wewe unakiona kwa sababu unajua ni mkono upi. Mimi nitawauliza wasiojua."

"Waulize tu," Winny akasema.

Ukumbi ulijaa, wengi wao wanawake, wengine na watoto mgongoni. Muziki ulikuwa juu. Mwenye kipaza sauti alikuwa Madam Mugo, mkubwa wa kampuni kwa upande huo wa mji, mwanamke mwenye uso usioweza kukisiwa umri. Alisimulia jinsi krimu ilivyompa nyumba, gari na mume mpya. Kisha akamwita Kezia jukwaani. "Mama huyu anakaribia sabini! Hebu mtazameni!" Watu wakapiga makofi. Winny, aliyekuwa amevaa gauni jipya la zambarau, alisimama karibu na spika akirekodi kwa simu.

Kezia hakuwa mtu wa majukwaa, lakini sauti yake ilikuwa imezoea kuwaita vibarua kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Hamjambo, akina mama. Mimi nimepaka krimu hii mkono mmoja tangu mvua. Mkono wa pili nimepaka mafuta yangu ya nyumbani. Sisemi ni upi. Naomba wale wa mbele waje waiangalie, washike, wanuse kama wanataka, ila leo sikupaka chochote. Halafu watuambie krimu ni ya mkono gani."

Wakacheka, wakaja. Mwanamke wa kwanza alisema kushoto. Wa pili akasema kushoto. Wa tatu akasema kulia, akabadilisha, akarudi kwa kulia. Ukumbi ukagawanyika, nusu wakipiga kelele kushoto, nusu kulia, kama watu kwenye mpira. Madam Mugo alitabasamu mwanzoni, kisha tabasamu likabaki peke yake bila macho. Mama mmoja kutoka nyuma akapaza sauti: "Haya tuambie basi, upi?"

"Krimu ni ya kulia," Kezia akasema. "Si mbaya. Haikunidhuru. Lakini mmeona wenyewe, na mimi nimeona mlichoona ninyi."

Kikalipuka kicheko kikubwa. Muziki ukafunguliwa juu zaidi kuliko mwanzo. Kezia alishuka akimtafuta Winny. Alimkuta ameiteremsha simu, ameikumbatia kifuani, akitazama sakafu.

Nje, kwenye baridi, Winny alisema jambo moja tu. "Ungeniambia nyumbani kwanza." Akavuka barabara bila kuaga.

Jumapili iliyofuata Caleb alikuja na watoto peke yake. Winny anaumwa kichwa, akasema. Jumapili ya pili kichwa kilikuwa hakijapona. Kezia hakujuta kusema kweli, lakini alijua kuna kweli ya ukumbini na kweli ya sebuleni, na kwamba alikuwa amempa mtoto wake ile ya ukumbini. Usiku alimwambia Owiti hivyo. Owiti akasema, "Alikuwa ameonywa." Alikuwa akimfariji, na Kezia alishukuru, ingawa haikumsaidia.

Agosti ikiwa inaisha, alasiri moja, mtu aligonga mlango kwa vidole viwili. Ni Winny. Alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani, na alipouteremsha Kezia alimvuta ndani. Mashavu yote mawili yalikuwa mekundu, yamevimba, yamebanduka pembeni kama rangi ya ukuta uliolowa, na kwenye kipaji cha uso palikuwa na weusi uliotapakaa.

Alieleza kwa vipande vipande. Baada ya mkutano wauzaji wenzake walimcheka. Madam Mugo alimwambia tatizo si krimu, tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hafanani na bidhaa yake, akampa seramu ya kung'arisha yenye nguvu zaidi ili uso wake uwe ndio tangazo. Mwanzoni uling'aa vizuri, kila mtu akamsifu. Alipoiacha kidogo uso ukawasha, akairudia, ukatulia, akaiacha, ukawasha maradufu. Hata Caleb alikuwa hajaonyeshwa sehemu yote.

Kezia angeweza kusema mengi. Wapo ambao wangesema, na wangekuwa na haki. Yeye alichota maji ya baridi kwenye beseni, akalowesha kitambaa safi, akamkalisha Winny kwenye kiti cha Owiti na kumwekea kitambaa shavuni. Wakakaa hivyo. Kisha akavaa kofia, akabisha kwa Khadro.

"Mama Ilwad, binti yako leo yuko kazini?"

Ilwad, binti wa Khadro, alikuwa muuguzi kwenye kliniki ndogo isiyo mbali, na daktari wa ngozi alikuwa akija hapo mara moja kwa wiki. Bahati ilikuwa yao, walipofika siku ile alikuwepo. Daktari aliisoma ile chupa ya seramu, akaona haina hata orodha ya vilivyomo, akatikisa kichwa. Alisema inaonekana imetiwa dawa kali ambayo haipaswi kutumiwa bila daktari, na ndiyo maana ngozi iliidai ilipoachwa. Aliandika dawa ya kutuliza na kumwambia mengine yote ayaache. Ilwad ndiye aliyewaeleza polepole, kwa maneno mepesi.

"Uso wako umechoka, dada. Uoshe kwa maji tu, bila kusugua. Mafuta mepesi yasiyo na manukato. Na jua ulikimbie. Utapona, lakini si kesho."

"Mafuta ya ng'ombe je?" Winny akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu Julai sauti yake ilikuwa na mzaha kidogo.

"Hata hayo, kidonda kikishapona. Na wewe, shangazi," Ilwad akamgeukia Kezia, "unajitunza vizuri, lakini hebu vua saa."

Kezia akaifungua saa yake ya mkononi. Chini ya mkanda ngozi ilikuwa nyororo, ya rangi moja, kama ya mtu mwingine aliye mdogo zaidi. Juu na chini ya hapo ilikuwa imekakamaa, imejaa vidoa vyeusi.

"Sisi watu weusi tunaambiwa jua halitugusi," Ilwad akasema. "Linatugusa, ila linachelewa. Kofia imekulinda uso. Mikono uliiacha nje maisha yako yote."

Kezia aliutazama mkono wake kwa muda. Aliyekuwa akijisifu kwa kupima kila kitu alikuwa amevaa mstari wa shahidi kwenye kifundo cha mkono tangu ujana, na hakuwahi kuusoma. Akacheka kwa sauti mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi akageuka.

"Kuna losheni ya kukinga jua," Ilwad akaendelea.

"Na hiyo si biashara?"

"Ni biashara, shangazi. Wenye kuiuza nao wanakula. Lakini hiyo kazi yake imepimwa na watu wengi, na saa yako pia imeipima. Chukua ya kawaida, usichukue ya chupa ya dhahabu."

Kezia akachukua ya kawaida. Tangu siku ile akavaa na nguo za mikono mirefu, na hakuona aibu kuwaambia wanawake wa chama kwamba miaka yote aliyowahubiria kuhusu mafuta ya ng'ombe alikuwa amesahau jambo kubwa.

Winny alipona pole pole. Wiki nyingi alikuja karibu kila siku, kwa sababu kwa Kezia hakuna aliyemkodolea macho. Walichambua mboga pamoja, walikunja nguo. Siku moja, bila kutazamana, mikono ikiwa kwenye kunde, Winny akasema, "Mathe, mimi kweli niliona tofauti. Sikuwa nakudanganya."

"Najua uliona. Ulihitaji kuiona." Kezia akachambua majani mawili matatu. "Na mimi nilipaswa kuwaita Khadro na wengine hapa sebuleni, wewe ukiwepo, kabla hatujafika kule. Nilitaka neno langu litimie mpaka nikakusahau wewe. Unisamehe, nyathina."

Winny aliinuka, akatia chai kwenye vikombe viwili, na cha Kezia akakitia sukari zaidi ya ile aliyoruhusiwa.

Weusi wa kipajini ulibaki kidogo, na ulibaki muda mrefu. Winny alirudisha mfuko wa zambarau, akapata kazi ya kupokea wageni kwenye shule moja ya Njiru, na alipoulizwa na wazazi kuhusu alama ile alieleza bila kuficha. Wanawake kadhaa waliacha seramu kwa sababu ya maelezo hayo. Wengine hawakuacha. Akina mama waliokuwepo ukumbini nao walianza kumletea Kezia vichupa, wakitaka awaambie kipi kinafaa. Alikataa kuwa nabii. "Mimi sijui," aliwajibu. "Kisicho na orodha ya vilivyomo usikiguse kabisa. Kingine paka mkono mmoja, uwe na subira, halafu muulize asiyekupenda sana."

Mwisho wa mwaka Owiti, mtu asiyependa makuu, alishangaza nyumba kwa kusema anataka picha. Wameoana miaka mingi, akasema, na ukutani kuna kalenda tu. Wakavaa nguo za kanisani, wakaenda studio, Winny akiwasindikiza kumpanga Kezia kitambaa cha kichwa. Mpiga picha, kijana mchangamfu, aliwapiga wakiwa wameketi bega kwa bega, kisha akawaita kwenye kompyuta waone. Alikuwa ameshafanya ufundi wake. Kezia wa kwenye kioo hakuwa na kunyanzi hata moja. Shingo ilikuwa imekazwa, mashavu kama ya sanamu ya dukani.

"Umetoka mrembo, mathe!" kijana akasema.

Winny alimtazama Kezia, na Kezia alikuwa anafikiri aseme nini bila kumvunja kijana moyo. Lakini Owiti aliwahi. Alikuwa ameinamia kioo, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akitafuta.

"Huyu simjui," akasema. "Nirudishie mke wangu."

Kijana akacheka, akabonyeza, na mikunjo ikarudi mmoja mmoja, ya macho kwanza, kisha ya mdomoni, kisha shingo. Owiti alisubiri mpaka yote ilipotimia ndipo akainua kichwa. Kezia aligeukia ukuta, akajifanya anakagua picha za maharusi wa watu, maana macho yalikuwa yamemlowa na hakutaka Winny aone.

Picha wakaitundika juu ya televisheni. Iko upande kidogo, kwa sababu Caleb aliyeipigilia msumari alikuwa na haraka, na hadi leo hakuna aliyeinyoosha.